Kifuniko cha Magazini Kinachogoma: Jinsi ya Kukilegeza kwa Ajili ya Mashindano Bila Kukiharibu

Sisi tunaolenga shabaha huku Tanga tu wachache, lakini kila tukikutana hakosi mmoja mwenye plasta kwenye kidole gumba. Ukimuuliza, kisa ni kile kile: alikuwa anafungua kifuniko cha chini cha magazini ya bastola (kile kibebeo cha risasi kinachopachikwa kwenye mpini) afanye usafi, bisibisi ikateleza. Mwingine kifuniko kilitoka, ila kilitoka na ufa. Wa tatu aliamua bora asifungue kabisa, na sasa magazini yake ina mchanga wa tangu masika.

Nimeshaeleza kwa mdomo mara nyingi mno. Naandika ili nisieleze tena.

Kazi yenyewe ni ndogo: kukirekebisha kifuniko ili kitoke kwa kidole, haraka, kati ya kituo kimoja cha kulenga na kingine, lakini kisitoke chenyewe magazini inapoanguka. Hatuigusi bastola. Hatuongezi idadi ya risasi. Tunashughulika na kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na hata hicho tunakipunguza kwa unyoya tu.

## Kwa nini uhangaike

Katika mashindano ya kukimbia na kulenga, magazini iliyotumika huiweki mfukoni. Unaiachia ianguke, unapachika nyingine, unaendelea. Inaanguka kifudifudi kwenye mchanga, mdomo wazi, na mara nyingine unaikanyaga mwenyewe. Mchanga wetu wa pwani ni laini na una chumvi. Unaingia kila mahali, unashika unyevu, na springi inaanza kutu kabla hujajua.

Punje chache tu zinatosha kukwamisha risasi isipande. Ukienda kituo kinachofuata bila kusafisha, umekwenda kubahatisha. Na kusafisha kwa kweli hakuwezekani bila kutoa kifuniko. Kupuliza kwa mdomo kutoka juu ni kuuteremsha mchanga chini, ukae vizuri zaidi.

## Tukubaliane majina

Kila mtu ana jina lake kwa vipande hivi, kwa hiyo hapa nitatumia haya:

Kasha ni mwili wa magazini. Aina ya Glock lina plastiki nje na chuma ndani. Aina ya CZ 75 au Beretta 92 ni chuma kitupu kilichokunjwa kingo zake za chini kutokeza nje, kama reli mbili.

Kifuniko ni kile cha chini kinachoteleza juu ya reli hizo.

Kibati ni kipande chembamba kilichokaa ndani, kati ya springi na kifuniko. Katikati yake kuna kitufe kinachochungulia kwenye tundu la kifuniko. Hicho ndicho kufuli.

Kipandishio ni kile kilichokaa juu ya springi na kuzibeba risasi.

Mbele ni upande zinakoelekea ncha za risasi. Kifuniko cha aina zote hizi hutoka kwa kusukumwa kuelekea mbele. Shika hilo, kwa sababu nimeona mtu mzima akisukuma kuelekea nyuma dakika kumi nzima, jasho linamtoka, anailaani magazini.

## Kabla hujagusa chochote

Bastola isiwe chumbani. Iwe imefungiwa inapokaa siku zote, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) tupu, na umeihakiki kwa macho na kwa kidole. Risasi halisi zisiwe chumba hicho pia. Mezani iwepo magazini tupu peke yake. Ukishaitoa risasi ya mwisho, bonyeza kipandishio uone kinashuka na kupanda bila kitu juu yake.

Usifanyie kazi hii barazani. Najua barazani kuna mwanga na upepo wa bahari, lakini pia kuna majirani, watoto na wapita njia, na kuanika vipande vya silaha hadharani ni kujitafutia maswali. Ingia ndani, funga mlango, washa taa.

Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na leseni ni ya mwenye silaha, si ya shemeji wala ya fundi wa mtaani. Kwa hiyo magazini usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea ili "akusaidie kidogo". Kwa fundi wa mtaani utachukua spoku ya baiskeli tu, nayo nitaieleza hapa chini. Ukiona kazi imekushinda, nenda kwa fundi wa silaha mwenye kibali, na magazini isafiri mikononi mwako.

Vaa miwani. Si ya jua. Ya kazi, inayofunika pembeni. Springi ya magazini imebanwa hata kama magazini ni tupu, na kifuniko kikitoka inataka kwenda zake. Yangu moja ilinipita sikioni, ikagonga ukuta, ikazama nyuma ya kabati la vyombo. Kibati nacho nilikikuta siku mbili baadaye ndani ya kiatu.

## Vifaa

- Kisukumio cha milimita 2, chenye ncha bapa (nitaeleza jinsi ya kukitengeneza)
- Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, kipande kidogo cha kila mmoja
- Tupa ndogo bapa, ile laini ya mafundi saa au sonara
- Keni ya kupimia unene (kalipa). Kama huna, rula nzuri na subira
- Kalamu ya wino mzito, nyeusi au nyekundu
- Kijiti bapa cha aiskrimu cha kuzungushia msasa
- Biti ya kekee ya milimita 6, ya kushikwa kwa mkono, bila mashine
- Mswaki wa zamani, kitambaa kikavu, mafuta ya cherehani kidogo sana
- Taulo au mfuko mkubwa, wa kufungulia ndani yake
- Risasi bandia zisizo na baruti wala kiwashio (kile kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), zenye uzito unaokaribia wa kweli
- Kifuniko cha akiba. Bila hiki usianze. Kifuniko kinanunulika peke yake kwa bei ndogo. Kasha likiharibika umenunua magazini nzima, na kwetu huku kuipata si kazi ya siku moja.

Kanuni nzima ya kazi imo kwenye hilo la mwisho: unakula kile cha bei rahisi. Punguza kifuniko, usipunguze kasha.

### Kisukumio cha spoku

Watu wengi wanaumia kwa sababu wanabonyeza kitufe kwa bisibisi, kalamu, au ncha ya kisu. Bisibisi ni pana, haizami. Ncha ya kisu inateleza. Kinachotakiwa ni kitu chembamba, kigumu, chenye kichwa bapa.

Tanga ni mji wa baiskeli, na spoku ya kawaida ya baiskeli ina unene wa milimita 2. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli Ngamiani, kwenye zile barabara za namba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo pancha au cheni?"

"Leo nataka spoku tu. Iliyokufa."

"Iliyokufa? Wewe unataka kuizika?" Akacheka, akachambua kwenye kopo, akanipa tatu. Hela hakutaka, alitaka kahawa.

Kata kipande cha sentimita 8. Ncha moja ipige tupa iwe bapa kabisa, kisha pitisha msasa kwenye ukingo ili isikwaruze. Upande wa pili uzamishe kwenye mpini wa mbao, mpini wa tupa kuukuu unafaa sana, na uache sentimita 2 hadi 3 tu nje. Ukiacha ndefu zaidi inapinda ukibonyeza, kisha inateleza, na tumerudi kwenye plasta.

## Hatua ya 1: Fungua kwanza jinsi ilivyo

Usipige msasa kabla hujajua kama kuna tatizo. Nusu ya vifuniko "vinavyogoma" havina ubaya wowote. Vina uchafu, au mwenyewe hajui kuvifungua.

Ingiza mikono yote miwili na magazini ndani ya taulo au mfuko. Igeuze kichwa chini. Bonyeza kitufe kwa kisukumio mpaka usikie kimezama. Kwa kisukumio hicho hicho, huku ukikishikilia chini, anza kusukuma kifuniko mbele.

Kama ni kasha la plastiki aina ya Glock, ongeza jambo moja, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kasha hili lina vijino viwili, kimoja kila ubavu, vinavyokishika kifuniko hata baada ya kitufe kuzama. Lazima uzibane mbavu za kasha, karibu kabisa na kifuniko, kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo vijino viachie. Unabonyeza, unabana, unasukuma, yote kwa pamoja. Mara ya kwanza utahisi huna mikono ya kutosha.

Kifuniko kikisogea kama nusu sentimita, toa kisukumio na uweke kidole gumba juu ya kibati mara moja. Endelea kusukuma kifuniko kwa mkono mwingine huku gumba likikandamiza. Kikitoka chote, achia gumba taratibu, ndani ya mfuko.

Umefaulu ikiwa springi imetoka polepole mkononi mwako na hukusikia kitu kikigonga ukuta.

Hapo hapo piga picha. Springi ina upande wa juu na wa chini, wa mbele na wa nyuma, na mzingo wake wa juu umepinda kwa namna yake ili ukae ndani ya kipandishio. Ukiirudisha kinyume, kipandishio kitainama mbele na risasi zitaanza kugonga badala ya kuingia. Utalaumu bastola mwezi mzima.

## Hatua ya 2: Safisha, kisha jaribu tena

Mswaki mkavu kwenye reli za kasha na mifereji ya kifuniko. Usitumie mafuta ndani ya magazini. Mafuta yanashika mchanga kama gundi ya ubuyu inavyoshika vidole, na yakifika kwenye kiwashio cha risasi yanaweza kukiua. Springi peke yake ndiyo ipitishwe kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kisha kitambaa kikavu, mpaka ukiishika kidole hakiachi alama. Kwa hewa yetu ya chumvi hilo la springi usiliruke.

Rudisha kila kitu, fungua tena. Kama sasa kinatoka kwa nguvu ya gumba la kawaida, funga kikao, kaoge. Huna la kurekebisha.

## Hatua ya 3: Uliza wino

Kama bado kinagoma, kuna mahali kinasugua, na huna haja ya kukisia ni wapi.

Paka wino mzito kote ndani ya mifereji ya kifuniko na kwenye pembe zake za ndani. Acha dakika mbili ukauke. Chukua kasha tupu, bila springi wala kibati, telezesha kifuniko mpaka mwisho, kisha kitoe. Kwa kuwa hakuna springi, kazi hii ni salama na unaweza kuirudia utakavyo.

Sasa kitazame chini ya taa. Wino umefutika mahali fulani: mara nyingi ni pembe mbili za mwanzo wa mfereji, au mstari mmoja mwembamba upande mmoja tu, au, kwa aina ya Glock, pale vijino vinapopita. Penye plastiki inayong'aa ndipo penye ugomvi. Palipobaki na wino hapana hatia.

Kifuniko cha kwanza nilichokiharibu nilikipiga msasa kote, kila upande, kwa usawa, kama fundi seremala anayelainisha meza. Kililegea kama meno ya mzee. Wino ungeniambia kwamba tatizo lilikuwa pembe moja tu, ndogo kuliko punje ya mchele.

## Hatua ya 4: Punguza penye alama tu

Pima unene wa ukingo wa mfereji kwa keni, andika.

Zungushia msasa namba 400 kwenye kijiti cha aiskrimu. Sugua palipofutika wino, mikwaruzo kumi, kuelekea upande mmoja. Futa vumbi, telezesha kwenye kasha tupu, hisi. Kumi nyingine. Futa, telezesha, hisi. Usisugue ukiwa unaongea na simu. Ukifika pazuri, malizia na namba 600 kisha 1000 ili pawe laini, kwa sababu mikwaruzo ya msasa mnene inakamata mchanga.

Ukomo wangu ni milimita 0.2 kwa jumla, mahali popote. Ukifika hapo na bado kinagoma, acha. Tatizo liko kwingine, pengine kasha limepinda, na msasa haunyooshi kitu kilichopinda.

Pembe za mwanzo wa mfereji unaweza kuzipa mteremko kidogo kwa tupa ndogo, ili kifuniko kijue njia kinaporudi. Hili ndilo linalookoa muda unapofunga ukiwa na haraka na vidole vina jasho.

Kwa pale vijino vya Glock vinapokwama, lainisha ncha ya pembe kwenye kifuniko. Usivikate vijino vya kasha. Nimesikia hoja kwamba ukivikata huhitaji tena kubana mbavu. Ni kweli, huhitaji. Lakini sasa umebakiwa na kufuli moja badala ya mawili, na kasha halina akiba.

Makasha ya chuma: kagua reli kwa ukucha. Ukucha ukikwama, kuna kinyweleo cha chuma kilichobaki kiwandani au kilichotokana na kuanguka kwenye saruji. Kiondoe kwa msasa namba 600 wenye maji, hicho tu. Rangi ya chuma itatoka hapo na chuma kitakuwa uchi, kwa hiyo kausha, paka tone la mafuta, futa. Tanga chuma uchi hakimalizi wiki bila wekundu.

## Hatua ya 5: Kitufe na tundu lake

Hapa nakuomba usome mara mbili.

Kifuniko kinatoka kuelekea mbele. Maana yake ni kwamba kinachokizuia ni ukuta wa nyuma wa kitufe ukigongana na ukuta wa nyuma wa tundu. Kuta hizo mbili ndizo kufuli lote. Ukiuzungusha ukuta huo, ukaufanya mteremko, umetengeneza kifuniko kitakachofunguka siku magazini yenye risasi 15 itakapodondoka kwenye kokoto. Usiuguse. Hata kwa namba 1000.

Unachoweza kufanya ni mambo mawili.

La kwanza: ukuta wa mbele wa kitufe upe mteremko mdogo. Kifuniko kinaporudi kinatoka mbele kwenda nyuma, kinakutana na upande huo, na mteremko unakifanya kitufe kizame chenyewe bila kukibonyeza. Mikwaruzo mitano ya tupa inatosha. Tia alama ya wino kwenye ukuta wa nyuma kabla hujaanza, ili mkono usisahau ni upi.

La pili: mdomo wa tundu la kifuniko, upande wa nje, uufanye kama faneli ndogo ili kisukumio kizame hata bila kutazama. Shika biti ya kekee ya milimita 6 kwa vidole, iweke juu ya tundu, zungusha mara mbili au tatu. Kina kisizidi nusu milimita. Kwa mashine utakula kifuniko chote kabla hujapepesa macho, ndiyo maana nilisema kwa mkono.

Umefaulu ikiwa unafumba macho, unagusa kifuniko kwa kisukumio, na kinadumbukia tunduni chenyewe.

## Hatua ya 6: Rudisha vipande

Kipandishio, springi (tazama picha yako), kibati na kitufe kikitazama nje. Kandamiza kibati kwa gumba, anzisha kifuniko kutoka mbele, kiteleze nyuma, ondoa gumba wakati kifuniko kinalifikia. Utasikia "tak" ya kitufe kikipanda. Kama hukuisikia, hakikufunga. Usijifariji kwamba "nadhani kimeingia". Angalia tundu: kitufe kiwe kimejaa humo, kimenyooka, si nusu.

Bonyeza kipandishio mpaka chini kwa kidole mara kumi. Kipande chochote kikikwama njiani, fungua tena.

## Hatua ya 7: Majaribio manne

Hapa watu wanaruka. Kifuniko kikitoka kirahisi wanafurahi, wanakwenda zao. Kutoka kirahisi ni nusu ya kazi tu.

La gumba. Bila kugusa kitufe, kishike kasha, sukuma kifuniko mbele kwa nguvu zako zote za gumba. Kwa Glock, fanya hivyo hivyo huku umebana mbavu. Kisitembee hata kidogo. Kikitembea na kurudi kidogo, kama jino linalolegea, angalia kuta za nyuma.

La kuanguka. Jaza risasi bandia kama utakavyojaza mashindanoni. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu 12 hivi, kwa hiyo 15 ni gramu 180 zinazokigonga kifuniko kwa ndani kila magazini ikitua. Iangushe kutoka usawa wa kiuno, kitako chini, mara kumi kwenye mchanga ulioshindiliwa, kisha mara tano kwenye saruji iliyotandikwa gunia. Baada ya kila mara tazama kitufe. Kikifunguka hata mara moja, kifuniko hicho ni cha pipa la taka. Kipasue vipande viwili kabla hujakitupa, usije ukakiokota mwenyewe mwakani.

La kupachikwa. Hili linahitaji bastola, kwa hiyo lifanyie kiwanjani, mbele ya msimamizi, ukiwa na risasi bandia, mdomo wa bastola ukielekea kwenye tuta. Pachika magazini kwa kishindo, kama unavyofanya saa ikikimbia, mara kumi. Iachie. Idondoke yenyewe bila kuvutwa.

La moto. Siku hiyo hiyo, msimamizi akiruhusu, piga magazini tatu kamili kwa mwendo wa kawaida. Risasi ya mwisho ikiisha, sleidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ukipiga) ibaki nyuma kila mara. Isipobaki, kipandishio hakifiki juu, na mara nyingi ni springi iliyorudishwa kinyume.

Mpaka majaribio yote manne yapite, magazini hiyo ni ya mazoezi. Na kama una bastola kwa ajili ya ulinzi, magazini zake usizifanyie lolote la humu. Zikae kama zilivyotoka kiwandani.

## Ukinunua kifuniko cha alumini

Vipo vifuniko vizito vya alumini vya mashindano, vingine hufunguka kwa kubonyeza kwa kidole bila kifaa. Vinasaidia magazini kudondoka haraka kwa sababu ya uzito. Mimi ninavyo viwili na ninavipenda, ila vinakula reli za kasha la plastiki ukivisukuma vikiwa na mchanga.

Kabla hujanunua, pima. Katika mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la mchezo huu) daraja la Standard, bastola ikiwa na magazini lazima iingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Daraja la Open, magazini isizidi milimita 170. Kifuniko kinachotokeza milimita tatu zaidi ya inayoruhusiwa kinakutoa kwenye daraja lako, na msimamizi hajali ulikinunua kwa bei gani.

## Maswali yanayonirudia

*Kinatoka vizuri nyumbani, kiwanjani kinagoma.* Mchanga. Ukishamaliza kituo, piga ubavu wa magazini kwenye kiganja na upitishe mswaki kwenye mstari wa kifuniko kabla ya kukifungua. Ukikisukuma na mchanga wake, unaisaga mifereji uliyoilainisha kwa saa nzima.

*Kimepata ufa mdogo pembeni, nitie gundi?* Hapana.

*Kitufe kinazama lakini hakirudi juu.* Springi imechoka, au mzingo wake wa chini umekaa juu ya ukingo wa kibati badala ya katikati. Fungua uangalie la pili kabla hujanunua springi.

*Magazini zangu tano, nne zimekubali, moja haitaki.* Badilisha vifuniko kati yake. Ugomvi ukihama na kifuniko, rudi kwenye wino. Ukibaki kwenye kasha, kasha hilo limepinda, pengine ulilikanyaga. Lishushe cheo liwe la mazoezi.

## Alama na mkoba

Zipe magazini zako namba kwenye kifuniko na kwenye kasha, ili kila kifuniko kilichopimwa na kasha lake kirudi kwake. Rangi ya kucha inashika vizuri na haitoki kwa jasho. Ya kwangu ni nyekundu, nimeiazima kwa mama watoto na sidhani kama nitairudisha. Kwenye daftari andika namba, tarehe, ulipunguza wapi, na keni ilisoma ngapi kabla na baada. Magazini ikigoma katikati ya mashindano, namba ndiyo itakuambia ni ipi.

Mkobani kwangu siku ya mashindano kuna mswaki, kitambaa kikavu kwenye mfuko wa plastiki, kisukumio cha spoku kilichofungwa kamba ya mkonge kwenye zipu kisipotee, na kifuniko kimoja cha kiwandani ambacho sijakigusa hata kwa msasa.